Jirani Aliyetoboa Ukuta Wangu

Asifiwe Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, akaniachia nguvu ya kushika kalamu na kumbukumbu ya watu aliowaweka karibu nami kabla sijajua kwamba nawahitaji. Simtaji Yeye kwanza kwa desturi tu. Mtu ninayetaka kumwandika alinishtua mara nyingi sana, na bila neema ningehama soko lile mapema, nisipate hata nusu ya mema niliyoyapata kwa kubaki.

Tulimwita Jirani. Hata watu waliokuwa na vibanda vyao mbali, kule kwenye nafaka, walimwita hivyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Busia, nyuma ya soko, karibu na barabara inayoteremka kwenda geti la mpakani. Vibanda vyetu vilikuwa vitatu katika safu moja ya mabati. Changu kilikuwa mwanzo. Nilishona mito na viti vya sebuleni, na kwa kuwa nilikuwa katekista, nilishona pia kanzu za waimbaji na vitambaa vya altare. Cha Jirani kilikuwa katikati. Mwisho kulikuwa na Mama Akala, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, aliyekata matairi makuukuu akatengeneza viatu vya akala.

Kabla ya asubuhi ile nitakayoisimulia, nilimjua Jirani kama unavyomjua mtu unayesikia kikohozi chake. Nilifungua kibanda, nikakuta ukuta ulio kati yetu umekatwa tundu la mraba, kubwa kama dirisha la jikoni. Uso wake ulikuwa ndani ya tundu, miwani myeusi imepandishwa kwenye paji.

"Mulembe, Katekista," alinisalimu.

"Nani ametoboa ukuta wangu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nimechoka kuzunguka. Kila nikitaka mkasi yako natoka nje, napita mbele, naingia kwako, narudi. Nikifika chuma imepoa."

"Na ulishindwa kuomba ruhusa?"

"Ningeomba, ungekataa."

Ni kweli ningekataa. Nilikuwa bado nimesimama na ufunguo mkononi niliposikia kelele upande wa pili. Alikuwa ametoboa na ukuta wa Mama Akala, naye mama hakungoja maelezo. Alimtupia kipande cha tairi kikampata begani.

"Bannange! Mwizi anatoboa usiku, wewe unatoboa mchana na unanisalimia!"

"Si ungeamka mapema ungenisaidia kushika bati."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Lakini lazima niseme na hili. Cheche za kuchomelea huruka mbali, na sponji yangu ilikuwa kavu kama nyasi za Januari. Siku hiyohiyo Jirani alining'iniza gunia kwenye kila tundu, na kila asubuhi, kabla hajawasha mashine, alilitumbukiza gunia katika ndoo ya maji akalirudisha likichuruzika. Alikuwa mtu wa kusahau. Alisahau chakula chake kwenye moto mpaka kikaungua, alisahau kofia, alisahau kusalimu watu wazima. Gunia hakulisahau. Katika miaka yote ile hakuna hata kipande cha sponji yangu kilichoshika moto. Nilikuwa nafundisha watoto wa kipaimara juu ya uaminifu katika mambo madogo, na mara nyingi nilipokosa mfano mzuri nilimfikiria mtu huyu ambaye hakuwahi kuingia kanisani.

Nilimwalika, tena si mara moja. Alinijibu kupitia tundu, bila kuacha kazi.

"Nikija kwenu nitaangalia zile benchi. Nitaona zimelegea. Sitasikia neno hata moja."

Nilichukulia kwamba ananikejeli. Halafu kuelekea Pasaka moja niliingia kanisani mapema kupamba altare, nikakuta kila benchi imekazwa kwa vipande vya chuma kwenye pembe, vimechomelewa vizuri na kupakwa rangi ya kahawia kama mbao. Nilisimama pale na maua mikononi. Nilipomuuliza alikana.

"Labda ni malaika," alisema.

"Malaika ana rangi ya kahawia kwenye kucha?"

"Malaika mwenye kutu. Wako wengi."

Alikuwa mchoyo wa chai. Alichemsha chai ya tangawizi kila siku kabla ya saa nne, akainywa mbele yetu, harufu ikapita kwenye magunia yote mawili, wala hakutukaribisha. Mama Akala alizoea kusema kwa sauti, ili asikie, "Huyu atakupa figo yake, lakini chai hakupi." Na ilikuwa hivyo hasa. Kile alichokibuni kwa akili yake alimpa yeyote aliyepita. Chai alificha nyuma ya mashine.

Sasa nieleze habari ya kiti, maana ndicho watu wengi wanachomkumbukia.

Miaka ile ya tisini baiskeli za kuvusha watu zilikuwa zimejaa mpakani. Kati ya geti letu na geti la Uganda kuna kipande cha barabara ambacho mwenye mzigo hakutaka kukitembea juani. Waendeshaji walipakia abiria juu ya keria, ile chuma ya nyuma iliyotengenezwa kubebea magunia. Wengine walifunga gunia lililokunjwa, wengine mto wa nyumbani. Mchana mmoja mama mchuuzi wa samaki kutoka Port Victoria alishuka mbele ya vibanda vyetu akiwa ameshika kiuno.

"Wewe, hii ni baiskeli ama ni panga?"

"Mama, si ni mashimo ya barabara," mwendeshaji alijitetea.

"Mashimo iko kwa barabara. Uchungu iko kwangu. Angalia vile natembea kama bata!"

Watu walicheka. Nilicheka pia, Mungu anisamehe. Jirani hakucheka. Alitoka nje, akaitazama keria kwa muda, akaipiga teke.

"Ingiza hii baiskeli ndani."

"Bosi, niko na wateja..."

"Ingiza."

Kisha nikasikia sauti kwenye tundu. "Katekista! Sponji ngumu. Si ile ya harusi." Nilikuwa sijainua mkasi, na upande wa pili Mama Akala alikuwa ameshapitisha ukanda wa tairi. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amesikia.

"Weka hii chini ya chuma. Itameza yale mashimo."

"Itateleza."

"Toboa, ufunge na waya. Si unajua kutoboa wewe?"

Kabla ya jua kutua keria ile ilikuwa na fremu pana, mpira chini yake na mto niliouvika ngozi ya plastiki juu. Hatukuwa wa kwanza kuweka kitu laini nyuma ya baiskeli. Sitaki kujisifu kwa kisicho changu. Ninachosema ni kwamba watu watatu ambao asubuhi hawakuwa na shauri lolote pamoja, jioni walikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukitengeneza peke yake. Hatukuitisha mkutano, hatukuandikiana, hatukupeana mikataba. Kama Mama Akala angekuwa ng'ambo ya barabara tu, hatua chache kutoka pale, asingesikia malalamiko ya yule mama wa samaki, na tairi lingebaki kuwa viatu. Nimelitafakari jambo hili sana. Mashirika makubwa huwa na karakana yenye kila kitu mahali pamoja. Sisi wadogo tulikuwa na mabati yaliyotobolewa, na yalitutosha.

Uzuri wa kiti Jirani hakuupima kwa futi. Alikuwa na neno lake moja: "Kalia kwanza, halafu tuongee." Na mkaliaji alikuwa Mama Akala. Kila kiti cha namna mpya kilipotoka, yeye alipanda, mwendeshaji akampeleka mpaka getini na kumrudisha, naye alipiga kelele njia nzima huku wauza ndizi wakimshangilia.

"Kushoto inanidunga!"

"Inakudunga kwa nyama ama kwa mfupa?"

"Wewe mwanaume, unauliza mama za watu maswali gani hayo?"

"Nyama nitaita Katekista. Mfupa ni yangu."

Kama ni nyama, mimi nilinyoa sponji. Kama ni mfupa, yeye alikunja chuma. Kama mguu ulikufa ganzi, Mama Akala mwenyewe alishuka akakata mpira upya. Kiti kingeweza kurudi mezani mara nyingi katika saa moja, maana kutoka kwa mkaliaji mpaka kwa fundi ilikuwa ni kelele moja tu.

Jambo lililonishtua kuliko yote katika miaka ile ya neema ni hili. Siku moja nilifunua gunia nikamwona fundi wa baiskeli kutoka ng'ambo, Mganda, amekaa kwenye kigoda cha Jirani. Jirani alikuwa ameigeuza keria yetu juu chini na kumwonyesha kila kiungo. Nilimwita kwa kunong'ona.

"Unamfundisha? Kesho atauza yake pale kwao."

"Atauza."

"Na sisi?"

"Ametoka kwake kwa mguu, amefika hata jasho haijamtoka. Nikimfukuza ataangalia kwa baiskeli ya mteja. Akikaa hapa, hata mimi nitaona vile anafikiria."

Yule Mganda alikuwa amesikia. Alitabasamu, akauliza kwa upole, "Ssebo, na miguu ya abiria inakaa wapi?"

"Inaning'inia," Jirani alisema.

"Ndiyo maana wamama wanachoka. Mimi kwangu nimeweka chuma huku chini, ya kukanyaga."

Jirani alivua kofia kabisa, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada, akaiweka juu ya magoti. Kabla ya wiki kwisha viti vyetu vyote vilikuwa na vikanyagio. Nilikuwa nimemkasirikia mgeni yule kwa hasira ambayo niliiita busara, na Mungu alinijibu kwa njia ya chuma cha kukanyaga.

Kisha Jirani akahama.

Asubuhi moja niligusa gunia, nikalikuta kavu. Nililifunua. Mashine haikuwepo, vyuma havikuwepo, hata jiko la chai. Ng'ambo ya kibanda kitupu, gunia la pili lilifunuliwa na uso wa Mama Akala ukatokea. Tulitazamana kupitia pale alipokuwa Jirani, kila mtu kwenye tundu lake. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana moja kwa moja kutoka ndani ya vibanda vyetu. Siku zote alikuwa yeye katikati.

"Amekufa?" aliniuliza.

"Mtu akifa habebi mashine."

Habari ilikuja na kondakta wa basi. Mfanyabiashara mmoja wa Malaba alikuwa amempa banda la mawe karibu na maegesho ya malori, lenye umeme wa kutosha. Kazi ya viti ingeendelea: yeye angechoma fremu huko, basi lingezileta, sisi tungeshona na kufunga mpira. Hakuaga. Sikuamini. Kutoka Busia mpaka Malaba si safari ya kumtisha mtu. Unapita Amukura, umefika. Nilijiambia kwamba ushirika wetu ni mkubwa kuliko kipande hicho cha barabara. Mama Akala hakujiambia hivyo. Alisema tu, "Atasikiaje?"

Fremu za kwanza zilifika zimefungwa kamba ya katani yenye vifundo. Kifundo cha kwanza kilikuwa upana wa mto, cha pili urefu. Tulishangaa.

"Tangu lini huyu anapima na kamba?" Mama Akala aliuliza.

Mzigo ule ulikuwa umenyeshewa juu ya basi. Kamba ya katani ikilowa hunywea, na mimi sikuikumbuka mvua. Nilishona kwa vifundo kama nilivyotumiwa, mito ikatoka mifupi, abiria wakakalia ukingo wa chuma. Nilituma swali. Swali ambalo zamani lilichukua pumzi moja kupitia tundu sasa lilisafiri na kondakta, likalala Malaba, na jibu lilipofika lilikuwa la swali jingine. Fremu za mara ya pili zilikuwa nyembamba, mpira wa Mama Akala haukuzikamata. Aliketi juu ya kila kiti kama kawaida, akapiga kelele zake zote, lakini katikati hapakuwa na mtu wa kuzipokea. Tulituma malalamiko. Mzigo uliofuata ulikuja vilevile.

Viungo vyenyewe, zile sehemu alizochomelea, hatukuzitilia shaka. Nani angekagua kazi ya Jirani?

Ndipo keria moja ilipokatika kwenye mashimo ya Mundika. Mama mmoja muuza nyanya aliyekuwa amepakiwa alianguka chini ya baiskeli akavunjika mkono. Siku ya pili ikakatika nyingine, mwendeshaji peke yake, ashukuriwe Mungu. Siku iliyofuata nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikasikia vyuma vikimwagwa mlangoni. Waendeshaji walikuwa wameng'oa keria zao wakazirundika mbele yangu. Kiongozi wao, mtu mzima mwenye heshima ambaye watoto wake nilikuwa nimewafundisha katekisimu, hakunisalimu.

"Mzee, hizi ni zenu."

"Mimi nilishona mito tu, ndugu yangu."

"Najua. Lakini aliyechoma hatumwoni. Wewe ndio uko karibu."

"Nipe nafasi nizungumze naye."

"Zungumza. Kama atarudi hapa mahali tunaweza mwona na kumshika shati, tutarudisha hizi vyuma kwa baiskeli. Kama harudi, tunanunua ng'ambo. Hapana kwa ubaya, mzee. Ni mkono ya mama ya watu."

Walipoondoka Mama Akala alikuja kwa mlango, si kwa tundu. Alikaa juu ya rundo lile la vyuma, mikono magotini. Viatu vya akala vilikuwa vimekosa soko, watu walinunua malapa ya plastiki. Viti ndivyo vilivyokuwa vimetubeba sote wawili.

"Nenda ukamlete, Katekista," alisema. "Akikataa, mimi nitafunga kibanda."

Nilichukua keria moja iliyokatika, nikaifunga kwenye kitambaa, nikapanda basi la asubuhi.

Malaba ilikuwa malori mpaka upeo wa macho, madereva wamelala chini ya matela, moshi, mahindi ya kuchoma. Banda la Jirani lilikuwa zuri. Kuta za mawe, paa la juu, geti la chuma lenye maua. Ndani mafundi wawili watu wazima walikuwa wanachomelea mageti, na mageti mengine yaliegemezwa ukutani, yote yanafanana. Hapakuwa na kiti hata kimoja. Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, mikono mitupu. Sikuwahi kumwona na mikono mitupu.

"Mulembe, Jirani," nilisema.

Aligeuka upesi, uso umejaa furaha, akaugeuza upande ambao sikuwepo.

Niligeuka kutazama upande ule.

"Katekista! Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Uongo. Lazima umekuja na Mungu wako," alisema, akacheka, akiwa bado anamchekea mtu aliyesimama kushoto kwangu, mahali pasipo na mtu.

Nilifungua kitambaa nikaweka ile keria magotini pake. Vidole vyake viliipita, vikafika kwenye kiungo kilichokatika, vikarudi, vikapita tena polepole. Cheko lilimwisha.

"Hii imechomwa juu juu. Chuma haikuingiana. Nani amechoma hii?"

"Wewe."

Aliwaambia wale mafundi wakanywe chai. Walipotoka alishika keria kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mtoto asianguke.

"Imekatika na mtu?"

"Na mama mmoja wa nyanya. Mkono umevunjika."

"Yesu," alisema. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo.

Ndipo akaniambia. Kila mchomeleaji huujua mchanga, ule moto wa machoni unaokuja usiku baada ya kutazama mwali bila miwani. Yeye aliuzoea; alilala na kitambaa cha maji, asubuhi ulikuwa umetoka. Halafu ukaja ambao haukutoka. Kwanza ulimla katikati ya macho, pembeni akabaki anaona. Baadaye hata pembeni pakafifia. Fremu zetu zote alizichoma mwenyewe kwa kupapasa na kwa kusikiliza sauti ya mwali. Kamba ya vifundo ilikuwa ni kwa sababu hakuona tena alama za futi.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia?" Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, safari hii sawasawa. "Wewe uliniona kila dakika. Mama Akala naye upande ule. Nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua mkasi, nashika hewa, nasema moyoni, leo wameona. Kila siku. Halafu nikaanza kufikiria lile gunia. Iko siku nitafikiri nimelilowesha kumbe ndoo ilikuwa tupu. Sponji yako yote, na wewe ndani, na kanzu za watoto." Aliilaza keria magotini. "Hapa hawanijui. Hapa nikipapasa, wanafikiri bosi anakagua."

Sijui nieleze vipi nilivyoshtuka. Upofu wake haukuwa wa ajabu. Mungu huruhusu macho yafifie. Kilichonitikisa ni kwamba mtu huyu alipoteza macho yake kwa kipimo cha mkono mmoja kutoka kwangu. Nilijua saa yake ya chai, nilijua kikohozi chake cha Julai, nilijua kwa mlio wa nyundo kama amekasirika. Na giza lilikuwa linamwingia siku kwa siku upande wa pili wa bati moja, wala sikulisikia.

"Waendeshaji wanasema nini?" aliuliza.

"Urudi, wakuone. Ama wanunue ng'ambo. Mama Akala atafunga. Na mimi pia."

"Waambie nimekataa. Waambie nimepata bosi, nimekuwa na kiburi. Wataamini, mimi nina mdomo mbaya."

"Siwezi kusema uongo."

"Ni uongo ndogo."

"Sisemi. Nitakaa hapa."

"Mpaka lini?"

"Nina subira. Ndiyo kazi ninayoijua kuliko kushona."

Nikakaa kwenye benchi, upande wake wa kulia. Mafundi walirudi wakaanza tena, cheche zikaruka, yeye akainamisha kichwa kuzisikiliza. Nilisali rozari yote bila kutoa sauti. Lori moja lilipiga honi, likaondoka. Jirani alikuwa bado anapitisha kidole gumba kwenye kile kiungo kilichokatika, anapitisha, anapitisha. Mwishowe aliita mmoja wa wale mafundi, yule mwembamba.

"Wewe kwenu si ni Amukura, njia ya Busia?"

"Ndiyo, bosi."

"Choma hapa. Polepole. Usiangalie mimi, angalia chuma."

Yule mtu alichoma. Kiungo kilipopoa Jirani alikigusa.

"Rudia. Umekimbia."

Alirudia. Jirani aligusa, akainamisha sikio, akakigonga kwa kucha, akagonga tena. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuomba sponji:

"Huyu ana macho. Mimi bado nina vidole. Atachoma pale Busia, nitakagua. Ndoo atajaza yeye mbele yako, uone. Lakini nitawaambia wale watu mwenyewe, kwa mdomo yangu. Usinisemee."

"Sitakusemea."

"Na usinihurumie. Ukinihurumia narudi hapa."

"Jirani, mimi bado nina hasira na wewe kwa kutoaga. Sijafika kwa huruma."

Alicheka kidogo, akafuta uso kwa kofia. Halafu aliuliza, "Yule mama wa nyanya anakaa wapi?"

"Mundika."

"Basi linapita Mundika?"

"Inabidi tushuke Busia kwanza, halafu tuendelee mbele."

"Tuendelee mbele," alisema. "Tuanzie kwake. Vibanda vitangoja."

Alisimama. Nilidhani angetafuta fimbo, lakini alinyoosha mkono hewani, akanipata, akauweka begani kwangu. Ulikuwa mkono mzito, umejaa makovu. Tulitoka hivyo kati ya malori, mimi mbele, yeye nyuma, yule fundi wa Amukura akitufuata na keria. Madereva walitutazama. Kila tulipofika kwenye shimo nilimwambia, naye aliinua mguu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie macho yako na ya mtu unayekaa naye ukuta kwa ukuta. Akupe jirani asiyeomba ruhusa ya kukufaa. Na siku utakapokuwa na jambo unaloona aibu kulisema, akupelekee mtu atakayeketi kando yako mpaka ulitamke. Amina.